Darasa chini ya slabu lina mwangwi: zege la povu litafyonza sauti kweli?

katibu_wa_kamati

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Mbeya, na kwa bahati mbaya ndiye katibu wa kamati ya ujenzi, kwa hiyo kila kinachoharibika naitwa mimi.

Tuna jengo jipya la ghorofa moja. Madarasa ya juu hayana shida kubwa, yana dari ya mbao. Balaa liko chini. Sakafu ya saruji, kuta za bloku zimepigwa plasta na niru mpaka zinateleza, na juu kuna slabu tupu. Ukisema fungueni ukurasa wa sitini, walio nyuma wanafungua wa tisini. Mwalimu wa darasa la pili ameshakauka koo, siku hizi anaandika ubaoni tu na kunyoosha kidole. Vipimo vya darasa: urefu mita 9, upana mita 7, kimo mita 3. Madirisha sita, kila moja mita 1.5 kwa 1.2. Watoto 45, siku nyingine zaidi.

Pembeni yake kuna chumba kirefu ambacho bado hakijagawanywa. Fundi wetu amekuja na kipande cha tofali la zege la povu, chepesi kiasi kwamba kinaelea kwenye ndoo. Anasema tugawe chumba kwa tofali hizo, na darasa lenye mwangwi tulibandike vipande hivyohivyo ukutani, sauti yote itamezwa "kwa sababu ni jepesi na lina matundu". Ukilitazama kweli lina matundu, kama mkate wa kumimina.

Je, ni kweli? Na kama si kweli, kuna kitu cha saruji tunachoweza kufyatua wenyewe? Sponji na mapazia kamati imekataa, inaogopa moto na panya. Fedha ni kidogo, nguvukazi ya wazazi ipo.

mtaa_wa_saba

Mkuu bandika trei za mayai, studio zote za huku uswahilini ndivyo zinavyofanya. Na mayai mnakula.

qs_mwanafunzi

Fundi yuko sahihi. Kitu chepesi siku zote kinafyonza sauti kuliko kizito. Ndiyo maana sufi inafyonza na chuma hakifyonzi. Uzito mdogo, ufyonzaji mkubwa, hiyo ipo hata kwenye noti zetu za chuo.

mama_pamisi

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi umri. Kama nimekuzidi, naisubiri ya kwako.

Nimekaa maabara ya vifaa vya ujenzi miaka mingi nikivunja michemraba ya zege. Sasa niko Uyole, nafyatua paneli za saruji na mawe mepesi ya volkano. Kwa hiyo nina maslahi yangu humu, lijue hilo kabla hujanisikiliza.

Wepesi haufyonzi sauti. Kijana wa chuo, chukua lile boksi jeupe la kubebea samaki wa barafu. Ni jepesi kuliko sufi iliyoshindiliwa kwenye mto, kilo kumi na kitu tu kwa mita ya ujazo, lakini ukilibandika ukuta mzima mwangwi utabaki karibu palepale. Chembe zake zimefungwa kila moja peke yake, hewa ya chumba haina pa kuingilia. Sufi inafyonza kwa sababu hewa inapita katikati ya nyuzi zake. Sauti ni hewa inayotikisika. Ikiingia kwenye vinjia vyembamba vilivyounganika inasuguana na kuta za vinjia hivyo, na nguvu yake inaishia kuwa joto kidogo mno, huwezi kulihisi kwa mkono. Ikikuta uso uliofungwa inageuka na kurudi darasani.

Sasa mwalimu, kachukue kile kipande cha fundi. Kivunje, usitumie uso wa kalibu kwa sababu huo huwa na ngozi ya saruji. Kioshe vizuri, kiache kikauke, halafu chukua kipande kifupi cha mpira wa maji, ubane mdomo mmoja wa mpira kwenye ule uso uliovunjika na upulize kwa mdomo wa pili. Mashavu yakikutuna na pumzi isipite, ujue vipovu vimefungwa. Kwa zege la povu lililotengenezwa vizuri ndivyo inavyopaswa kuwa, maana kipovu kisipofungwa maji yanaingia na sifa yake inapotea. Ukitaka ushahidi wa pili, umeshautaja mwenyewe: kinaelea kwenye ndoo na kinaendelea kuelea. Kingekuwa na njia zilizofunguka, maji yangeingia kikazama.

Simkandii fundi. Zege la povu ni kitu kizuri kwa kazi yake. Linatengenezwa kuanzia kilo 300 hivi mpaka 1,800 kwa mita ya ujazo, wakati zege la kawaida lina karibu 2,400, kwa hiyo linapunguza mzigo kwenye msingi na linazuia joto. Ndugu yake, lile linaloumuka kwa unga wa alumini na kupikwa kwa mvuke, alilibuni Msweden Johan Axel Eriksson miaka ya 1920, na Ulaya wamejengea nyumba chungu nzima. Lakini kwa mwangwi, uso wake ukiwa mtupu unafyonza kidogo, na ukishapigwa plasta ni sawa na ukuta mwingine wowote.

Jambo la pili ambalo fundi amelichanganya: kufyonza sauti ndani ya chumba ni kazi moja, kuizuia isivuke kwenda chumba cha pili ni kazi nyingine, na mara nyingi zinavutana. Kinachozuia ni uzito. Kila ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili unapata kama desibeli 5 au 6 za nafuu. Ukuta wa zege la povu wa sentimita 10 wenye kilo 700 kwa mita ya ujazo unakupa kilo 70 kwa mita ya mraba. Bloku nzito isiyo na uwazi, ya sentimita 15, inakupa 300. Hapo umepoteza karibu desibeli 10 au zaidi, na desibeli 10 sikio la mtu linazihesabu kama nusu ya kelele. Kwa lugha ya shule: darasa la tatu wakiimba jedwali la saba, darasa la nne watalikariri bila kufundishwa.

Kwa hiyo ule ukuta wa kugawa chumba ujengwe kwa bloku nzito, viungo vijazwe udongo wa saruji mpaka ndani, upigwe plasta pande zote mbili, na ufike kwenye slabu kabisa. Msiache ule mwanya wa juu ambao mafundi huufunika kwa karatasi za mfuko wa saruji na plasta juu yake. Sauti haihitaji mlango mkubwa.

Tuje kwenye mwangwi wenyewe. Hesabu yake ilipatikana Marekani. Mwaka 1895 chuo cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambao neno moja lilibaki hewani sekunde 5 na nusu. Wakampa kazi hiyo mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Alikuwa anafanya kazi usiku mji umelala, ana filimbi ya ogani na saa, anabeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, anaipanga, anapima, anairudisha kabla ya asubuhi. Kipimo chake cha ufyonzaji kamili kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti ikitoka dirishani hairudi. Kanuni yake inatumika mpaka leo: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya ufyonzaji, unapata sekunde ambazo mwangwi unabaki hewani. Ufyonzaji wa kila uso ni eneo lake mara kigawo chake, kuanzia 0 mpaka 1. Plasta laini na zege ni kama 0.02. Yaani asilimia 98 ya sauti inarudi.

Darasa lako lina mita za ujazo 189. Zidisha kwa 0.161, ni 30.4. Sakafu, slabu na kuta kwa pamoja ukitoa madirisha ni mita za mraba 211, mara 0.02 ni 4.2. Madirisha yakiwa wazi yote ni 10.8, kamili. Jumla 15. Watoto 45, mpe kila mmoja 0.3, unapata 13.5. Jumla ni 28.5, na mwangwi unakuwa sekunde 1.07. Mvua ikianza mkafunga madirisha, zile 10.8 zinapotea karibu zote, unabaki na 18, mwangwi unapanda mpaka sekunde 1.7. Na watoto wakitoka, ukifunga madirisha, hesabu inakupa zaidi ya sekunde 6. Madawati na milango yatapunguza, lakini ndiyo maana chumba kitupu kinaitika kama pango. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa kelele wa 1999, lilitaka darasa lisizidi sekunde 0.6.

Usihangaike kufika 0.6 kwa mkupuo mmoja. Ukiongeza ufyonzaji wa 12, madirisha wazi unashuka mpaka 0.75, madirisha yamefungwa unakuwa 1.0. Walimu watasikia tofauti hiyo siku hiyohiyo. Ukiwa na paneli ambayo kigawo chake ni 0.5, na ninakupa namba ya tahadhari, unahitaji mita za mraba 24. Ukuta wote wa nyuma kuanzia mita 1.2 kwenda juu ni karibu 12.6. Zilizobaki utazipata kwenye kuta za pembeni, kati ya madirisha na juu yake. Ukuta wa ubao uuache kama ulivyo, unamsaidia mwalimu kurusha sauti yake mbele.

Kuhusu trei za mayai, nisiseme mengi. Karatasi ile ni nyembamba, inafyonza kidogo kwenye sauti kali za juu basi, na nayo inashika moto haraka, kama hilo sponji lililokataliwa.

katibu_wa_kamati

Marahaba, mama, naona ni mimi niliyezidi kidogo. Nimepuliza kile kipande mbele ya fundi. Pumzi haikupita hata chembe. Fundi amesema mpira una hitilafu.

Sasa hizo paneli. Tunazifanyaje? Na mawe yenyewe ni yapi, yale ya kusugulia visigino?

mama_pamisi

Ndiyo hayohayo, pamisi. Huku kwetu volkano ya Rungwe ilishatumwagia zamani sana, ukikata barabara sehemu nyingi unaona tabaka lake jeupe au la kijivu-njano. Chagua yale yanayoelea na yasiyosagika kwa vidole.

Siri yote iko kwenye chekeche. Unataka punje za saizi moja. Chekecha kwa wavu wa milimita 10, kinachopita kichekeche tena kwa wa milimita 5, kinachobaki juu ya huo wa pili ndicho chako. Vumbi na mchanga vikibaki ndani vinajaza nafasi kati ya punje, unarudi kwenye zege la kawaida. Mafundi wengi hapa hukasirika, kwa sababu maisha yao yote wamefundishwa kwamba zege zuri halina tundu, na mtu akikuta zege lenye matundu anaita msimamizi. Wewe waambie: hapa mchanga ni marufuku.

Loweka mawe usiku kucha, asubuhi yachuje. Yakiwa makavu yatanyonya maji ya saruji na saruji itabaki unga. Kipimo ni ndoo moja ya saruji kwa ndoo sita za mawe. Tia kwanza maji kidogo na saruji upate uji mzito, halafu mimina mawe na kugeuza mpaka kila punje imevaa koti la kijivu. Maji usipime kwa ndoo, pima kwa kiganja: chota, fumbata, fumbua. Donge likisambaratika na punje zina rangi ya vumbi, ongeza maji kidogo. Uji ukichuruzika kati ya vidole umezidisha, utashuka chini ya kalibu na kuziba upande mmoja wa paneli kabisa. Unachotaka ni punje zinazong'aa kama zimepakwa mafuta, zimeshikana pale zinapogusana tu, na ukiinua donge juani unaona mwanga ukipita katikati yake.

Kalibu ni fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 40, kina sentimita 5, juu ya nailoni. Jaza, sawazisha kwa ubao, gonga pembeni mara chache. Usishindilie na usilete mashine ya kutikisa. Usipitishe mwiko juu kulainisha. Najua mkono wa fundi unawasha akiona uso uliokwaruza, mshike. Funika kwa nailoni, mwagilia kwa manyunyu kwa wiki nzima. Kama mtafanya Juni au Julai, baridi ya Mbeya inachelewesha saruji, hasa ile ya daraja la nguvu 32.5 yenye pozolana, kwa hiyo muache kwenye kalibu siku ya ziada ndipo mfungue.

Paneli moja itakuwa na kilo 10 hivi, mzazi mmoja anaibeba. Mita 24 za mraba ni paneli 100, jumla tani moja, na saruji ni mifuko sita ya kilo 50. Weka wa saba, kuna zitakazovunjika.

Kufunga: pigilia mbao za 2 kwa 2 ukutani kwa skrubu na plagi zake, paneli ikae juu ya mbao ya chini na ibanwe na fito ya juu. Usiitegemee gundi peke yake. Hizo mbao zinakuachia kama sentimita 5 za hewa nyuma ya paneli, na hewa hiyo ni ufyonzaji wa bure. Paneli ikibanwa moja kwa moja ukutani hufanya kazi vizuri zaidi pale unene wake unapokuwa robo ya wimbi la sauti. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kwa sentimita 5 hiyo ni sauti ya kama hezi 1,700, yaani mitikisiko 1,700 kwa sekunde. Vinjia vya ndani vinapindapinda, hivyo kilele cha ufyonzaji kinashuka kiasi. Ukiiachia hewa nyuma, kinashuka zaidi kuelekea kwenye hezi mia kadhaa, na huko ndiko kwenye nguvu kubwa ya sauti ya mtu. Usisahau kuziba kingo kwa wavu wa mbu. Bila hivyo, msimu mmoja tu nyigu watakuwa wamejenga humo, na mijusi, na mende watakaofuatwa na mijusi.

Jaribu kila kundi la paneli kwa kikombe cha maji. Mimina juu: yakipita moja kwa moja na kumwagika chini, nzuri. Yakisimama, hiyo paneli peleka ikawe jiwe la kukanyagia njia ya chooni.

Na sasa RANGI. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Kuna ukumbi mmoja ninaoufahamu, paneli zilikaa vizuri, watu wakasikilizana. Ikafika wiki ya ufunguzi, mtu mmoja mwenye cheo akaona kijivu hakimfai mgeni rasmi. Ikaletwa rangi ya mafuta. Fundi rangi alikuwa hodari kwelikweli, rola iliposhindwa kufika alifuata kila kitundu kwa brashi. Mgeni rasmi akahutubia, wakapiga makofi pale walipoona anakunja karatasi. Ukitaka rangi, changanya poda ya oksaidi kwenye saruji tangu mwanzo. Kama ni lazima ipakwe baadaye, basi chokaa nyepesi sana kwa bomba la kupulizia, mara moja, na urudie jaribio la kikombe.

qs_mwanafunzi

Nimekubali yaishe, mama, nimeona kwenye noti zenyewe kumbe walikuwa wanazungumzia joto. Swali: hiyo 0.5 unaithibitishaje? Maabara ya chuo ina bomba la kupimia lakini tunaambiwa limeharibika.

mama_pamisi

Unaweza kujitengenezea la kujifunzia. Bomba la PVC la inchi 4, spika upande mmoja, sampuli upande wa pili na nyuma yake kizibo kizito kisichopitisha hewa, vinasa sauti (maikrofoni) viwili pembeni ya bomba. Unatoa sauti ya mseto, nene na nyembamba kwa pamoja, unalinganisha kinachosikika kwenye kinasa cha kwanza na cha pili, kutoka hapo unapata ni kiasi gani kimerudi. Utaratibu wake uko kwenye kiwango cha ISO 10534. Angalia tu upana: bomba la sentimita 10 halifai juu ya hezi 2,000, mawimbi yanaanza kwenda mshazari. Na sampuli ikae imebana bomba. Mwanya wa milimita chache pembeni utakupa namba tamu za uongo.

Kwa mwalimu hakuna haja ya bomba. Apasue puto katikati ya darasa kabla na baada, arekodi kwa simu, kuna programu za simu zinazotoa muda wa mwangwi. Dirisha ziwe katika hali ileile mara zote mbili, na idadi ya watu ileile.

katibu_wa_kamati

Kamati imekaa leo. Ukuta wa kugawa umepitishwa wa bloku nzito. Ila mwenyekiti anauliza, kwa nini tusifunge paneli kwenye slabu yote juu tumalize kazi?

mama_pamisi

Mwambie mwenyekiti mita moja ya mraba ya paneli hizo ni zaidi ya kilo 40, na chini yake kuna watoto. Tuko kwenye Bonde la Ufa, ardhi inatikisika mara kwa mara. Mimi siifungi hiyo juu ya kichwa cha mtu.

Kwa dari kuna ndugu yake mwepesi: nyuzi za mbao zilizoshikwa na saruji. Waaustria walianza na kitu cha jamii hiyo tangu 1908, kikaitwa Heraklith, kwanza kwa magnesiti badala ya saruji. Wadenmark wanafyatua Troldtekt ya saruji tangu 1935, utaiona kwenye dari za shule zao. Bodi ya milimita 25 ina kilo 10 na kidogo kwa mita ya mraba. Malighafi tunayo, Sao Hill pale Mufindi imejaa misindano. Lakini si maranda ya kawaida ya randa, hayo ni mafupi na bapa, yanalaliana na kufunga. Zinatakiwa nyuzi ndefu zilizojikunja, na kwa hizo unahitaji mashine.

Shida yake kubwa ni sukari iliyomo ndani ya mti. Sukari kidogo mno inatosha kuizuia saruji isikaze. Nyuzi zilowekwe kwenye maji ya moto, maji ya kahawia yamwagwe, zisuuzwe. Viwanda huongeza kloridi ya kalsiamu kuharakisha, lakini hiyo inakula misumari na waya, kwa hiyo tumia iliyopakwa zinki. Kabla ya kufanya nyingi, viringisha donge moja la ukubwa wa chungwa, kesho yake libonye kwa ukucha. Ukucha ukiingia, huo mti haujaoshwa vya kutosha.

Hilo liwe la mwaka wa pili. Mwaka huu fungeni kuta.

mtaa_wa_saba

Mama, mimi niko Kilombero, makapi ya miwa yamejaa bure. Nayo vipi?

mama_pamisi

Umesoma hiyo aya ya sukari, mwanangu?

mtaa_wa_saba

😂😂 Nimeisoma sasa.

mama_pamisi

Yanawezekana, watu wanayachemsha na kuyaosha mara nyingi. Ila ukishalipia kuni na maji, ule ubure umeisha. Anza na kitu kingine.

mkulima_naivasha

Habari zenu, niko Naivasha, Kenya. Huku pamisi ni nyingi, mashamba ya maua hupandia waridi ndani yake badala ya udongo, halafu wakishaitumia misimu kadhaa huitupa. Lori zima wanakupa ukigharamia usafiri. Je, hiyo iliyotumika inafaa kwa paneli? Kanisa letu lina mwangwi huohuo.

mama_pamisi

Karibu sana. Inafaa, na pengine imeshachekechwa kwa saizi moja, hiyo ni nusu ya kazi. Angalia mambo mawili. Kwanza mizizi: ukijaribu kuitenga kwa maji, mizizi itaelea pamoja na mawe, kwa hiyo ikaushe kwanza juani ndipo uichekeche na kuipepeta, itatoka kama makapi ya maharage. Pili chumvi za mbolea. Suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha pima kwa donge la ukucha nililomwelekeza mwalimu, moja la pamisi iliyotumika na moja la pamisi mpya, saruji ileile, siku ileile. Yakikaza sawa, endelea. La mbolea likichelewa, suuza tena.

Na uniambie kanisa lina kimo gani na waumini wanakaa kwenye mabenchi ya mbao au viti vya sponji, kwa sababu hesabu yake haitakuwa kama ya darasa.